Shutauti ya yadi 35: yale matuta ya kukimbia ya Marekani yalikuwaje na yalikufaje

Watu wengi wa rika la sasa wameiona kwenye klipu tu. Mchezaji anasimama na mpira mbali kabisa na goli, refa anapuliza filimbi, jamaa anaondoka na mpira mbio, kipa nae anaacha mstari wake anamfuata, wanakutana huko kwenye ukingo wa boksi la 18, chenga moja, kipa chini, mpira unaingia polepole. Alafu maswali yanaanza, hili lilikuwa bonanza, ilikuwa mechi ya maveterani, au walikuwa wanafurahisha watu tu? Hapana. Hiyo ilikuwa ligi ya kulipwa ya Marekani, pointi zilikuwa zinatolewa pale pale, na kuna fainali ya ubingwa iliyoamuliwa hivo hivo mbele ya watu 36,971.

Mi huu mtindo naupenda, nasema wazi toka mwanzo. Na kinachoniudhi ni kwamba kila ukitajwa unatajwa kama kituko cha Wamarekani wasiojua mpira, wakati ndani yake kuna mambo mawili tofauti kabisa ambayo watu wanayachanganya. La kwanza, je mechi ya kawaida ya ligi ikiisha sare ni lazima mtu atoke mshindi? La pili, pale ambapo lazima mshindi apatikane, tumpateje? Shutauti ilikuwa inajibu yote mawili kwa mpigo, jibu la kwanza lilikuwa baya, na likaenda kuzikwa pamoja na jibu la pili ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zuri kuliko tulichonacho leo. Twende taratibu.

Kwanza ilivokuwa inachezwa. Mpira unawekwa yadi 35 kutoka golini, kama meta 32 hivi, katikati ya uwanja kwa upana. Mchezaji mmoja, kipa mmoja, wengine wote pembeni. Kipa anaanzia kwenye mstari wa goli, na filimbi ikilia wote wawili wako huru, mshambuliaji anaweza kuugusa mpira mara anazotaka na kipa anaweza kutoka atakavyo. Muda ni sekunde 5. Ukimalizika hujapiga, imekula kwako. Kipa akimchezea mshambuliaji rafu, inatolewa penati ya kawaida. Wanapiga watano watano kila timu, wakilingana wanaendelea mmoja mmoja mpaka apatikane wa kukosa, kama matuta tuliyozoea.

Sekunde 5 ukizisikia zinaonekana nyingi, ila piga hesabu. Mtu anayekimbia na mpira mguuni kwa kasi nzuri anakula kama meta 7 kwa sekunde, na hapo ni akishashika kasi, maana anaanza akiwa amesimama. Kwahiyo mpaka afike kwenye ukingo wa 18 sekunde mbili na kitu zimeshaenda. Na kipa hajakaa anamsubiri, nae kashatoka, yuko meta 10 au 12 mbele ya mstari, kapanua mikono, goli limeshaanza kuwa dogo. Hapo ndo uamuzi wenyewe. Unapiga mapema kabla hajakukaribia, lakini uko mbali na una mbio, mpira unaweza kupaa. Au unambetulia juu ya kichwa kwasababu kashatoka sana, ni goli zuri kuliko yote ila ukikosea kidogo unamrushia mikononi. Au unampiga chenga uende pembeni, ambapo unakuwa na goli tupu lakini angle imebana na saa inakimbia, na kuna watu walikuwa wanampita kipa vizuri kabisa alafu wakaja kuupiga mpira golini wakati muda umeshakata.

Kipa nae alikuwa na kazi ya kufikiri. Kwenye penati za leo kipa lazima awe na angalau mguu mmoja kwenye mstari mpira unapopigwa, kwahiyo sehemu kubwa anabashiri, anaenda kushoto au kulia na mungu akipenda. Kwenye shutauti alikuwa anachagua atoke haraka au asubiri, amsukumie jamaa kwenye mguu wake dhaifu, ajitupe au abaki wima amalize zile sekunde. Kipa anayejua kubaki wima alikuwa ni shida kubwa, maana kila nusu sekunde anayokuchelewesha ni ya kwake. Fikiria Jorge Campos, yule Mmexico wa Los Angeles Galaxy mwenye majezi ya rangi zote, kipa aliyekuwa anajua kutoka golini na wakati mwingine anacheza hadi straika. Mtu kama yule alikuwa ametengenezewa mchezo huu.

Sasa kwanini walianzisha. Lazima tukumbuke kwamba hata matuta ya kawaida wakati huo yalikuwa kitu kipya. Mwaka 1968 nusu fainali ya Ulaya kati ya Italia na Umoja wa Kisovieti pale Napoli iliisha 0-0 na mshindi akapatikana kwa kurusha shilingi, yani timu imefika nusu fainali ya bara zima alafu inatolewa kwa upande wa sarafu, na Italia waliopita hapo ndo wakaja kuwa mabingwa. Bodi ya sheria za mpira, IFAB, ikakubali penati za kuamua mshindi mwaka 1970. Tarehe 5 Agosti mwaka huo huo Hull City na Manchester United wakapigiana penati kwenye kombe la Watney kule Uingereza, George Best akawa wa kwanza kupiga na akafunga, Denis Law akawa wa kwanza kukosa. Kombe la Dunia lenyewe lilikuja kuona matuta kwa mara ya kwanza mwaka 1982, Ujerumani Magharibi na Ufaransa pale Sevilla.

Kwahiyo Marekani walipoanza kuhangaika na sare miaka ya 70 hamna aliyekuwa na jibu takatifu. Ligi yao ya NASL ilikuwepo tangu 1968 na ilikuwa inapigania watazamaji waliolelewa na besiboli na basketi, michezo ambayo lazima mtu ashinde ndo mnaenda nyumbani. Hata ile futiboli yao ya NFL ilikuwa inaruhusu sare kwa miaka mingi, lakini mwaka 1974 wakaongeza muda wa ziada kwenye mechi za kawaida kuzipunguza. Mwaka huo huo wa 1974 NASL wakaleta penati kwenye mechi za ligi zilizoisha sare. Na ilipofika 1977 wakaachana na penati za kawaida, wakaweka shutauti ya yadi 35.

Hiyo yadi 35 haikuokotwa. NASL walikuwa tayari na mstari wa yadi 35 uwanjani kwa ajili ya kuotea, yani badala ya kuotea kuanzia nusu ya uwanja kama kwingine, kwao ulikuwa huwezi kuotea mpaka uvuke mstari ule. Mstari upo, umechorwa, wakauweka mpira hapo hapo. Watu wengi wanadhani shutauti ilibuniwa na MLS, ligi yao ya sasa, miaka ya 90 kwasababu video nyingi ni za MLS, lakini kwa wakati huo ilikuwa na umri wa karibu miaka 20.

Na wale waliokuwa wanaipiga hawakuwa watu wa mchezo mchezo. NASL ya wakati ule ilikuwa na akina Beckenbauer, Chinaglia, Carlos Alberto, Neeskens wote pale New York Cosmos, Cruyff alipita Los Angeles na Washington. Na Waafrika walikuwepo, Patrick Ntsoelengoe wa Afrika Kusini, yule Ace, alicheza kule tangu 1973 mpaka ligi inakufa 1984 na leo yuko kwenye ukumbi wa heshima wa soka la Marekani. Hii ligi sisi Waafrika tuna haki ya kuizungumzia, hata jina la Kaizer Chiefs linatoka huko, kwasababu Kaizer Motaung alikuwa anachezea Atlanta Chiefs.

Mechi ninayoipenda kuielezea mtu akitaka kuelewa mfumo wa NASL ulivokuwa umejichanganya ni nusu fainali ya 1979, Vancouver Whitecaps na Cosmos. Mechi ya kwanza Vancouver wameshinda nyumbani 2-0. Mechi ya pili Giants Stadium, tarehe 1 Septemba, dakika 90 zinaisha 2-2. Kwa hesabu tuliyozoea sisi hapo kazi imekwisha, jumla ni 4-2, Vancouver wanapanda basi. Lakini kule hakukuwa na kujumlisha magoli, kila mechi ilikuwa inajitegemea na kila mechi lazima iwe na mshindi. Kwahiyo wakacheza muda wa ziada, hamna kitu, wakaenda shutauti, Cosmos wakashinda. Sasa wako sawa, Vancouver kashinda mechi moja na Cosmos kashinda moja. Unadhani wakarudiana siku nyingine? Hapana, kanuni inasema wanacheza kamechi kadogo ka dakika 30 hapo hapo, usiku ule ule, na watu wale wale waliokwisha choka. Kale kamechi nako kakaisha 0-0. Wakarudi shutauti kwa mara ya pili usiku mmoja, na safari hii Vancouver wakashinda 3-2, wakaenda fainali na kuwafunga Tampa Bay Rowdies 2-1 wakawa mabingwa.

Ukiniuliza hapo kosa lilikuwa wapi, silioni kwenye shutauti. Kosa ni ile kanuni ya kulazimisha mshindi kwenye kila mechi hata pale ambapo magoli yenyewe yameshasema nani bora. Vancouver walikuwa wamemzidi Cosmos kwa magoli mawili na bado wakalazimika kumfunga tena na tena.

Miaka miwili baadae, 26 Septemba 1981, ndo ile fainali niliyoitaja juu. Chicago Sting na Cosmos, mjini Toronto, dakika 90 hamna goli, muda wa ziada hamna goli. Shutauti wapigaji watano watano, na matokeo yake ni 2-1. Rudy Glenn wa Chicago akafunga la ushindi na mji wa Chicago ukapata ubingwa wake wa kwanza wa michezo ya kulipwa tangu timu ya Bears ilipochukua mwaka 1963. Angalia hayo matokeo lakini. 2-1! Kwenye matuta ya kawaida watano watano tumezoea kuona 4-3, 5-4, kwasababu penati ni kitu ambacho mpigaji anatarajiwa kufunga na aliyekosa ndo anabeba lawama maisha yake yote. Huku kufunga kulikuwa kugumu, kwahiyo aliyefunga ndo aliyekuwa anakumbukwa. Hilo badiliko la nani anakumbukwa mi naliona kubwa sana, na wachambuzi wengi wanalipita tu.

NASL ikafa baada ya msimu wa 1984 kwa sababu za pesa, timu zilitumia kuliko zilichoingiza. Marekani ikakaa bila ligi kuu ya viwanja vya wazi kwa miaka kibao, Kombe la Dunia la 1994 likaenda kwao, na MLS ikaanza 6 Aprili 1996. Wakaifufua shutauti vilevile, yadi 35 na sekunde 5, na safari hii hakuna muda wa ziada kwenye mechi za ligi, dakika 90 zikiisha sare moja kwa moja mnaenda kukimbia. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi, San Jose Clash na DC United, ilikuwa inaelekea 0-0 na viongozi wa ligi pale jukwaani roho zilikuwa mkononi, maana ligi mpya kuzaliwa na sare tasa alafu ikaamuliwa na shutauti mbele ya taifa ambalo nusu yake linaamini mpira wa miguu hauna magoli, ingekuwa aibu. Eric Wynalda akafunga dakika ya 88 akawaokoa.

Sasa njoo kwenye pointi, maana hapa ndo penye fundo lenyewe na watu wengi hawajawahi kulifungua. MLS ilitoa pointi 3 kwa kushinda ndani ya dakika 90. Kushinda kwa shutauti, pointi 1. Kufungwa kwa shutauti, sifuri. Umeona kilichotokea hapo? Sare ya kawaida inatoa pointi mbili kwa jumla, moja kwako moja kwangu. Wao waliitupa moja, na ile iliyobaki wakaiweka katikati tuigombanie. Timu inakwenda ugenini, inapaki basi, inajituma dakika 90 inapata 1-1 ya kiume, alafu inarudi nyumbani mikono mitupu kwasababu watu wake wamekosa kukimbia na mpira. Na aliyeshinda shutauti nae hakupewa zawadi yoyote, alipata ile ile pointi 1 ambayo ligi yoyote duniani angepewa bure kwa kutoka sare.

Alafu kwenye msimamo wakawa wanaandika ushindi na kufungwa tu, ushindi wa shutauti unahesabiwa ushindi. Matokeo yake msimamo wa 1996 ukiusoma leo unachanganyikiwa. Ukanda wa mashariki kulikuwa na timu tatu, MetroStars ya New York, Columbus Crew na New England Revolution, zote zimeshinda mechi 15 na kufungwa 17. Sawa kabisa si ndio? Lakini MetroStars wana pointi 39, Columbus 37 na New England 33. Sababu ni kwamba New England kati ya zile 15 walizoshinda, 6 zilikuwa za shutauti, kwahiyo ni 9 mara 3 jumlisha 6. MetroStars shutauti zilikuwa 3 tu. New England wakakosa mtoano, wenzao wawili wakaingia. Na DC United walioshinda mechi 16 walikuwa na pointi 46 wakati Kansas City Wiz huko magharibi walioshinda 17 walikuwa na 41. Ebu jiweke kwenye nafasi ya baba anayempeleka mtoto uwanjani pale Kansas City, mtoto kauliza kwanini sisi tumeshinda mechi nyingi na pointi zetu ni chache, baba atajibu nini? Mfumo ulioletwa ili Mmarekani wa kawaida aelewe mpira kirahisi ukaishia kuwa na hesabu ngumu kuliko ule wa 3, 1, 0.

Na hapo wakaudhi pande zote. Wahamiaji kutoka Mexico, El Salvador, Kolombia, Ulaya, na Waafrika, ambao ndo walikuwa tayari wanaujua na kuupenda mpira, waliona wanadhihakiwa, na ukiongeza ile saa ya uwanjani iliyokuwa inahesabu kurudi nyuma kutoka 45 hadi 0 wengi waliona huu sio mpira wao. Na wale waliotengenezewa huo mfumo, wa besiboli na basketi, hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Wastani wa watazamaji mwaka 1996 ulikuwa 17,406 kwa mechi, mwaka 1999 ukawa 14,282. Siwezi kusema shutauti ndo iliwafukuza, ligi ilikuwa na matatizo mengine kama kucheza kwenye viwanja vikubwa vya futiboli vyenye nafasi tupu kila upande, ila ni wazi kwamba haikuwaleta.

Mwisho wake ulikuwa wa kimya. Doug Logan akaondoka kwenye ukamishna wa ligi, Don Garber akaingia Agosti 1999 akitokea NFL, na kabla mwaka haujaisha ligi ikatangaza kwamba kuanzia 2000 hakuna shutauti na saa itahesabu kama inavohesabu duniani kote. Kuna imani kwamba FIFA ndo waliwapiga marufuku, lakini uamuzi ulitoka ndani ya ligi yenyewe. Inafurahisha kwamba mtu wa NFL ndo aliyewasikiliza wapenzi wa mpira. Badala yake waliweka dakika 10 za goli la dhahabu, yani anayefunga kwanza ndo mshindi, mpaka 2003, na kuanzia 2004 sare ikawa sare.

Kabla hatujawacheka Wamarekani tukumbuke kwamba homa ya kuchukia sare ilizishika na ligi ambazo hamna anayethubutu kuziita za wasiojua mpira. Norway mwaka 1987 kila sare ya ligi iliamuliwa kwa penati, mshindi 2 na aliyefungwa 1. Brazil 1988 hivo hivo. Argentina msimu wa 1988/89 hivo hivo. Yugoslavia kwa misimu kadhaa kuanzia 1988 walikuwa wakali zaidi, ukishinda penati unapata 1 na ukifungwa huna kitu, yani hesabu ile ile ya MLS. Japani J.League ilipoanza 1993 sare haikuwepo kabisa, ilibidi mtu ashinde hata kwa matuta, mpaka 1998. Wote hao walijaribu na wote wakaacha. Kwahiyo swali la kwanza limeshajibiwa na mabara manne, mechi ya ligi ikiisha sare iache iwe sare, au kama unataka kuongeza utamu usimnyang'anye mtu pointi aliyoitolea jasho. Hata leo ligi ya chini ya MLS inayoitwa MLS Next Pro, iliyoanza 2022, inapigisha penati kwenye sare, lakini kila timu inabaki na pointi yake 1 na penati zinagombania ya nyongeza tu. Hiyo nadhani ina haki zaidi.

Ila swali la pili bado liko hai, na sisi huku linatuuma kila mwaka. 5 Aprili 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns pale Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, dakika 180 bila goli lililokubaliwa kwa timu zote mbili, Yanga wanatolewa kwa matuta 3-2. Dakika 180 za mbinu, kukaba, mbio, alafu jibu linatoka kwa mtu aliyesimama meta 11 na mpira umetulia. Au kwa upande wa furaha, DR Congo na Misri San Pedro Januari 2024, kipa Lionel Mpasi anafunga penati ya mwisho Congo wanapita 8-7, tukafurahi wote, lakini hata pale ukiangalia vizuri mpaka makipa wanapiga penati, mchezo wenyewe umeshageuka bahati na mishipa ya roho.

Shutauti nayo ina mishipa ya roho, sikatai, presha ipo. Tofauti ni kwamba inapima vitu vya mpira, kudhibiti mpira kwenye mbio, chenga, macho, utulivu wa kumalizia, na kipa anapimwa kwa kazi yake halisi ya kutoka na kubana angle, kitu anachofanya kila wiki straika akichomoka. Wanaoipinga wana hoja mbili nzito. Moja ni uchovu, baada ya dakika 120 unamwambia beki wa kati mwenye miaka 34 akimbie meta 20 na mpira mbele ya kipa, ataumia misuli. Nyingine ni refa, sekunde 5 na mpira uko hewani ulikuwa umepigwa kabla au baada, kipa kagusa mguu au mpira, kila mpigo unaweza kuwa na ubishi, wakati penati ya kawaida ni rahisi kuisimamia hata kwenye ligi ya mkoa yenye refa mmoja na vibendera wa kuazima. Hiyo ya refa zamani ilikuwa inanipa shida kuijibu, leo kwa ngazi za juu VAR na saa ya kielektroniki zinaimaliza. Ya uchovu inabaki.

Na wapo waliothibitisha inawezekana. Magongo, yani hoki ya nyasi, waliacha mapigo yao ya penati wakaweka mfumo wa namna hii hii kwenye mashindano ya kimataifa, mchezaji anaanzia kwenye mstari wa meta 23 na ana sekunde 8. Fainali ya wanawake ya Olimpiki ya Rio 2016, Uingereza na Uholanzi 3-3, iliamuliwa hivo, Uingereza 2-0, kipa Maddie Hinch hakupitwa hata mara moja. Angalia tena, 2-0, magoli machache kama ile fainali ya Chicago, na aliyeibuka shujaa ni kipa kwa kazi yake ya ukipa. Huko Hispania ligi ya watu saba saba ya Gerard Piqué nayo inaamua sare kwa mchezaji kuanzia katikati ya uwanja na sekunde 5.

Kwenye mpira wetu aliyelisema kwa sauti kubwa ni Marco van Basten, alipokuwa mkurugenzi wa ufundi wa FIFA, Januari 2017. Alipendekeza mpigaji aanzie meta 25 na apewe sekunde 8, ambayo ni kama shutauti ya zamani iliyolegezwa kidogo, umbali mfupi na muda mrefu. Kwa bahati mbaya aliliweka kwenye kapu moja na mambo mengine kama kufuta kuotea, watu wakalirukia lile la kuotea na hili likapotea. Mwaka huo huo IFAB walichagua kujaribu kitu kidogo zaidi, ule mpangilio wa ABBA wa kubadilisha nani anatangulia kupiga, na Novemba 2018 wakauacha nao.

Kwa sasa sheria ya 10 inaruhusu njia tatu tu za kupata mshindi, goli la ugenini, muda wa ziada wa vipindi viwili sawa, na mapigo kutoka kwenye alama ya penati. Ili shutauti irudi kwenye mechi rasmi lazima ibadilishwe hiyo, na kwenye IFAB kuna kura 8, FIFA wana 4 na vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila kimoja 1, na zinahitajika 6 kupitisha. Mi ningeomba waanze na kitu kidogo, mashindano ya vijana, mtoano peke yake, pointi zisiguswe, mchezaji aruhusiwe kuanzia meta 25 kama alivosema Van Basten ili miguu isiteseke, alafu waje na takwimu za misuli na za magoli tuzione.